Kujitolea Katika Mradi wa Afya: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuandika Jina Lako



Kila mradi mpya wa afya unapoanza kambini, tangazo hubandikwa kwenye ubao: wanatafutwa wasaidizi wa mradi. Vijana hukimbilia kuandika majina, wengine hata kabla ya kusoma tangazo mpaka mwisho. Baada ya miezi miwili baadhi yao huacha, kwa sababu walidhani kazi ni kuvaa fulana ya shirika na kukaa ofisini. Somo letu la leo linahusu kazi hiyo. Hata kama hutaki kujitolea, lisome, kwa maana msaidizi atakuja kubisha hodi mlangoni kwako, nawe una haki ya kujua anatakiwa kufanya nini na hatakiwi kufanya nini.

Baada ya kusoma somo hili utaweza:
1. Kueleza kazi ya msaidizi wa mradi.
2. Kufanya hesabu tatu ambazo kila msaidizi anatakiwa kuzijua.
3. Kutaja mipaka ambayo msaidizi hapaswi kuivuka.
4. Kuuliza maswali yanayofaa kabla ya kutia sahihi.

SEHEMU YA 1: MSAIDIZI WA MRADI NI NANI?

Mradi si sawa na hospitali. Hospitali hufunguliwa ili ikae. Mradi una siku ya kuanza na siku ya kwisha, una fedha zilizotolewa kwa jambo maalumu, na una taarifa inayosubiriwa na mtoa fedha. Fedha hutoka kwa wafadhili, hupitia mashirika makubwa kama UNHCR na UNICEF au hutolewa moja kwa moja, kisha hufika kwa shirika linalotekeleza kazi kambini. Ndani ya shirika hilo yuko meneja wa mradi, chini yake wasimamizi, na chini ya wasimamizi wako wasaidizi. Baada ya msaidizi hakuna mtu mwingine wa mradi. Anayefuata ni mama aliye nyumbani na mtoto wake.

Kwa hiyo msaidizi ni mtu wa mwisho kwenye mnyororo, na mnyororo mzima unamtegemea. Meneja anaweza kuwa na shahada mbili, lakini hajui nyumba ipi ina mtoto anayeharisha tangu jana usiku. Wewe unajua, kwa sababu unachota maji kwenye bomba lile lile.

Mwaka 1978 nchi nyingi za dunia zilikutana katika mji wa Alma-Ata, ambao leo uko Kazakhstan, zikatoa tamko juu ya afya ya msingi. Tamko lile lilisema watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga na kutekeleza huduma za afya zao. Kazi ya kujitolea kambini inatoka katika wazo hilo. Si upendeleo tunaofanyiwa na mashirika.

Msaidizi hutembelea kaya, huelimisha, hupima, huhesabu, huandika na hutoa rufaa. Msaidizi si muuguzi. Hachomi sindano, hagawi dawa ambazo hakufundishwa wala kuruhusiwa kuzigawa, na hamwambii mtu ugonjwa wake kwa kumtazama usoni.

SEHEMU YA 2: HISTORIA INATUFUNDISHA NINI?

Tutazame kambi tatu.

Goma, 1994. Mwezi wa Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma katika siku chache. Ardhi ile ni mwamba wa volkano, ngumu kuchimba choo wala kaburi. Watu walichota maji ziwani Kivu bila kuyatibu. Kipindupindu kikaingia, kikafuatwa na ugonjwa wa kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza walifariki karibu watu 50,000, na wengi wao walifia nje ya vituo vya afya. Dawa ya kuwaokoa wengi wao ilikuwa rahisi, yaani maji yenye chumvi na sukari, lakini hakukuwa na watu wa kutosha wa kuwafuata walikolala.

Bongaon, 1971. Wakati wa vita vya Bangladesh watu wapatao milioni 10 walikimbilia India. Huko Bongaon, karibu na mpaka, kipindupindu kiliwajaa. Daktari Dilip Mahalanabis alikuta wagonjwa wamelala chini sakafuni na maji ya kutundika mishipani yakimwishia. Aliamua kutumia maji ya kunywa yaliyochanganywa glukosi, chumvi na magadi ya kuokea. Pakiti zilitayarishwa Calcutta, zikaletwa, zikachanganywa kwenye mapipa. Wauguzi hawakutosha, kwa hiyo ndugu wa wagonjwa ndio walionywesha, kikombe baada ya kikombe. Kabla ya hapo, katika kila wagonjwa 100 walikuwa wakifa karibu 30. Kwa njia ile vifo vilishuka hadi chini ya 4 katika 100. Pakiti ya ORS tunayoijua leo ilipata sifa yake katika kambi ya wakimbizi, mikononi mwa mama, baba na kaka wasio na cheti chochote cha uuguzi.

Kagunga, 2015. Mwezi wa Mei 2015 maelfu ya Warundi walivuka wakajaa katika kijiji cha Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma. Kijiji kile kimebanwa kati ya ziwa na milima mikali, na watu walisafirishwa kwa meli mpaka Kigoma mjini, kisha kwa basi mpaka kambi ya Nyarugusu. Kipindupindu kilisafiri nao. Mpaka tarehe 22 Mei wagonjwa walikuwa wapatao 3,000, na waliofariki walikuwa zaidi ya 30, wakiwamo raia wa Tanzania. Mwezi wa Juni ikafanyika kampeni ya chanjo ya kunywa ya kipindupindu huko Nyarugusu. Chanjo haijipeleki yenyewe. Ni lazima watu wapite nyumba kwa nyumba kuwaeleza wenzao ni chanjo ya nini na inatolewa wapi.

Ukilinganisha kambi hizi tatu utaona kwamba kujua dawa hakutoshi. Wakati wa Goma dawa ilikuwa inajulikana kwa zaidi ya miaka 20. Tofauti iko kwa watu wanaoifikisha nyumbani mapema.

SEHEMU YA 3: KAZI YA SIKU MOJA

Siku ya msaidizi huanza kwa kuchukua daftari, fomu, pakiti za ORS na utepe wa kupimia mkono. Kisha huanza nyumba ya kwanza.

"Hodi hapa!"
"Karibu."
"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu. Mmekuja kuandika tena? Juzi waliandika, jana waliandika."
"Ni kweli mama, naomba radhi kwa usumbufu. Mimi ni wa mradi wa lishe. Nataka kuwapima watoto wa chini ya miaka mitano, dakika tano tu. Ukikubali naanza, usipokubali nitakwenda kwa jirani."

Tazama mambo manne aliyofanya msaidizi huyu. Amesalimu. Hakubishana na malalamiko ya mama, maana ni ya haki. Amesema anatoka mradi gani na anataka nini. Ameomba ruhusa, tena ruhusa ya kweli ambayo mtu anaweza kuikataa.

Baada ya ruhusa, kazi tatu hufanyika mara nyingi zaidi.

Kwanza, kupima mkono. Kipimo hiki ni cha mtoto wa miezi 6 hadi 59. Tumia mkono wa kushoto. Tafuta katikati ya bega na kiwiko, acha mkono uning'inie, zungusha utepe bila kuukaza wala kuulegeza. Kijani, sentimita 12.5 na kuendelea, mtoto yuko salama. Njano, kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5, ana utapiamlo wa kadiri. Nyekundu, chini ya 11.5, ana utapiamlo mkali na anapelekwa kituoni siku hiyo hiyo. Pia bonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba kwa muda wa sekunde tatu. Shimo likibaki kwenye miguu yote, mtoto ana uvimbe wa utapiamlo, naye hupelekwa hata kama utepe ni wa kijani.

Pili, kuonyesha jinsi ya kuchanganya ORS. Fuata maandishi ya pakiti kuhusu kiasi cha maji, kwa kawaida ni lita moja ya maji safi. Mtoto chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kila baada ya kuharisha, mkubwa zaidi apewe nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, subiri dakika kumi, kisha endelea polepole. Anayenyonya aendelee kunyonya. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Kama pakiti hakuna, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi, ni hatari kwa mtoto. Mwache mama achanganye mwenyewe mbele yako. Akitazama tu, kesho atasahau.

Tatu, rufaa. Mtoto asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye degedege, aliyelegea hata haamki vizuri, au anayeharisha damu, haandikiwi tu kwenye fomu na kuachwa. Anapelekwa kituoni. Kesho yake unarudi kuuliza kama alifika. Rufaa isiyofuatiliwa ni karatasi tu.

SEHEMU YA 4: HESABU TATU ZA MSAIDIZI

Wengi tuliosoma sekondari tulidhani hesabu zimekwisha siku ya mtihani. Hapa ndipo zinapookoa watu.

Hesabu ya maji. Katika dharura kiwango cha chini kinachotumika duniani ni lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku, na UNHCR hulenga lita 20. Chukua jerikeni zote ambazo kaya imejaza kwa siku, zidisha kwa lita za jerikeni moja, gawa kwa idadi ya watu. Kaya ya watu 6 yenye jerikeni 4 za lita 20 ina lita 80. Ukigawa kwa 6 unapata kama lita 13. Haitoshi. Ukikuta kaya 30 za namna hiyo katika kijiji kimoja, hilo si jambo la elimu ya kunawa mikono. Ni jambo la bomba, na linatakiwa kufika kwa watu wa maji.

Hesabu ya vyoo. Kiwango kinachokubalika ni watu wasiozidi 20 kwa choo kimoja. Hesabu choo kinachotumika, si kilichojengwa. Choo kilichojaa au kisicho na mlango si choo kwa hesabu hii.

Hesabu ya vifo. Hii ndiyo ngumu, na ndiyo muhimu kuliko zote. Hali huitwa ya dharura vifo vinapofika mtu mmoja kwa kila watu 10,000 kwa siku. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano ni 2 kwa kila watoto 10,000 kwa siku.

Tuchukue mfano wa kambi ya watu 60,000. Katika wiki moja wamefariki watu 42. Gawa kwa siku 7, unapata 6 kwa siku. Watu 60,000 ni makundi 6 ya watu 10,000, kwa hiyo ni kifo 1 kwa kila 10,000 kwa siku. Kengele inalia. Madaktari wanaongezwa, maji yanapimwa, chanzo kinatafutwa.

Sasa tuseme familia 12 hazikutaja vifo vyao. Fomu zinaonyesha vifo 30. Gawa kwa 7, unapata 4.3 kwa siku, sawa na 0.7 kwa kila 10,000. Kengele hailii. Ugonjwa unaendelea kuua wiki ya pili, na ofisini wanaona hali ni ya kawaida.

Kwa nini familia ifiche kifo? Sote tunajua. Jina likifutwa kwenye kadi, mgao unapungua, na waliobaki bado wana njaa. Hilo si jambo la kumcheka mtu wala kumtisha. Msaidizi afanye nini? Kwanza, amuulize msimamizi wake wazi: fomu hii ya vifo inaishia wapi, je, majina hupelekwa kwa wanaoshughulikia kadi? Pili, awaambie watu jibu lile lile alilopewa. Asiahidi siri ambayo hana uwezo wa kuilinda. Kama jibu ni kwamba fomu haiandiki jina, awaonyeshe fomu yenyewe. Kama jibu ni kwamba majina huenda, awaambie kweli, kisha awaeleze hesabu hii tuliyoifanya hapa, waone kifo kilichofichwa kinamgusa nani. Anayefuata kuugua anaweza kuwa mtoto wa nyumba ile ile.

Na kuna ubaya mwingine, nao ni wa msaidizi mwenyewe: kujaza fomu chini ya mwembe. Jua ni kali, nyumba zimebaki 15, fomu zinatakiwa jioni. Mtu anaandika "wote wazima" katika nyumba asizofika. Kila nyumba ya namna hiyo ni mtoto ambaye hakupimwa. Afadhali kurudisha fomu 20 za kweli na kusema, "Hizi 15 sikuzifikia." Msimamizi mzuri atapanga siku nyingine.

SEHEMU YA 5: MIPAKA

1. Siri. Ukiona dawa za mgonjwa kwenye kibao cha dirisha, hukuona. Ukiambiwa jambo la ndoa, hukusikia, isipokuwa maisha ya mtu yako hatarini. Hapo unamweleza msimamizi peke yake, na ikiwezekana kwa idhini ya mwenyewe. Kumbuka wewe ni jirani. Daktari mgeni akitoa siri ataondoka kambini, wewe utaendelea kukutana na yule mama kwenye foleni ya mgao.

2. Huduma ni bure. Huombi pesa, unga, sabuni wala "ya chai" ili umwandike mtu kwenye orodha.

3. Usitumie kazi kumtaka mtu kimapenzi. Mwaka 2002 ripoti kutoka kambi za Guinea, Liberia na Sierra Leone zilifichua madai kwamba watu wa misaada waliwadai wasichana ngono ili wapewe vitu ambavyo vilikuwa haki yao. Mwaka 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitoa amri rasmi inayokataza jambo hilo, na inayokataza uhusiano wowote wa kingono na mtu wa chini ya miaka 18. Mashirika huziweka kanuni hizo pia kwa wanaojitolea. Msomaji, ukitakwa hivyo na mtu yeyote mwenye fulana ya mradi, una haki ya kulalamika, na huduma yako haipaswi kukatwa kwa sababu ya malalamiko hayo.

4. Usibague. Nyumba ya kabila lingine, dini nyingine, au familia mliyogombana nayo kijijini tangu mkiwa nyumbani, nayo inapimwa.

5. Sema "sijui" pale usipojua. "Sijui mama, nitauliza na kesho nitakuletea jibu," ni jibu zuri, mradi kesho urudi.

SEHEMU YA 6: POSHO, NA MASWALI YA KUULIZA

Tuseme ukweli juu ya fedha. Anachopata msaidizi ni posho, si mshahara. Ni ndogo, na wakati mwingine huchelewa. Atakayeingia kwa ajili ya posho peke yake atakata tamaa. Lakini pia si dhambi kuuliza. Kujitolea si kujiumiza. Kabla ya kutia sahihi, uliza:

- Posho ni kiasi gani, na hulipwa tarehe ngapi?
- Nitafanya kazi siku ngapi kwa wiki, na nitabaki na muda wa shamba, shule au watoto?
- Nitahudumia kaya ngapi?
- Nitapewa mafunzo ya siku ngapi, na nitapata cheti au barua?
- Nitapewa mabuti, glavu na koti la mvua?
- Nikiugua kazini inakuwaje?
- Mradi unakwisha lini?

Swali la mwisho usiliache. Mwaka 2025 Marekani iliposimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, miradi mingi ya afya katika nchi nyingi ilifungwa au kupunguzwa, na wasaidizi waliambiwa wakae nyumbani. Fulana zilirudishwa. Lakini aliyejifunza kupima mkono bado anajua kupima mkono. Mama aliyechanganya ORS kwa mikono yake bado anajua kuichanganya, naye atamfundisha mkwe wake. Kwa hiyo fanya kazi kana kwamba mradi utakwisha mwezi ujao: wafundishe watu, usiwafanye wakutegemee.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kaya ya watu 8 inapata jerikeni 5 za lita 20 kwa siku. Je, inafikia kiwango cha chini?
2. Kambi ina watu 30,000. Katika siku 7 wamefariki watu 28. Je, hali ni ya dharura?
3. Utepe wa mtoto ni kijani, lakini miguu yote miwili imevimba na inabaki na shimo. Utafanya nini?
4. Rafiki yako anakuuliza kama jirani fulani "ana ule ugonjwa", kwa sababu alikuona ukitoka kwake. Utajibu nini?

MAJIBU

1. Hapana. Lita 100 kwa watu 8 ni lita 12.5 kwa kila mtu, chini ya 15.
2. Ndiyo. Vifo 28 kwa siku 7 ni 4 kwa siku. Watu 30,000 ni makundi 3, kwa hiyo ni 1.3 kwa kila 10,000 kwa siku.
3. Mpeleke kituoni siku hiyo hiyo, na kesho yake uulize kama alipokelewa.
4. "Mimi hutembelea nyumba zote." Basi. Usiongeze neno, hata kwa rafiki.

Kama umepata manne, angalia ubao wa matangazo. Mradi unaofuata unakuhitaji. Kama umepata mawili, rudia Sehemu ya 4 ukiwa na kalamu mkononi. Na kama nyumbani kwako yuko asiyejua kusoma, msomee Sehemu ya 3 leo jioni, hasa pale pa ORS.